Karatasi, ugwe, unga au nili: warsha ipi ya sanaa za mikono za Kichina ikufae?

Anayetaka kuandaa warsha ya nusu siku ya sanaa za mikono za Kichina, iwe maktabani, shuleni au kwenye ukumbi wa mtaa, huanza na swali lile lile: ipi rahisi? Zote nne tunazolinganisha hapa ni rahisi saa ya kwanza na ni ngumu miaka kumi inayofuata, kwa hiyo swali hilo halimfikishi mtu mbali. Linalosaidia zaidi ni hili: mshiriki akikosea, inakuwaje? Karatasi iliyokatwa haiungiki. Fundo hufunguliwa. Donge la unga hukandwa upya. Kitambaa cha nili kilichokosewa, mara nyingi hakuna anayetambua kuwa kimekosewa isipokuwa mwalimu.

Vigezo tulivyotumia

Cha kwanza ni kosa: linatokea wapi, kwa sababu gani, na lina dawa au halina. Cha pili ni mahitaji, yaani vifaa, kiasi chake, na jinsi vinavyopatikana mbali na China. Cha tatu ni muda, tukihesabu na wa maandalizi, ambao matangazo ya warsha huwa hayautaji. Cha nne ni chumba: meza, maji, uchafu, joto. Cha tano ni watu: umri, idadi kwa mwalimu mmoja, na mtu anarudi nyumbani na nini mkononi.

Sanaa tatu zinazopendwa tumeziacha kwa makusudi. Picha za Mwaka Mpya za kupigwa chapa kwa mbao, zile za Yangliuqing karibu na Tianjin au za Yangjiabu huko Weifang, ni nzuri mno, lakini kuchonga kibao cha mti wa mpeasi si kazi ya alasiri moja. Warsha yake huishia kuwagawia watu kibao alichochonga mtu mwingine wakandamize karatasi juu yake. Tiara za Weifang zinataka mianzi iliyopasuliwa na kukunjwa kwa moto. Picha za sukari iliyoyeyushwa zinaunguza vidole; hiyo ni ya kutazama.

1. Kukata karatasi (jianzhi)

*Kazi ilivyo.* UNESCO iliiingiza jianzhi mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Vipande vya kale zaidi vilivyosalia vilifukuliwa kwenye makaburi ya Astana karibu na Turpan, Xinjiang, na ni vya karne ya 6 hivi. Kwa karne nyingi imekuwa kazi ya wanawake wa vijijini, hasa kaskazini, ambao hubandika maua mekundu kwenye madirisha ya karatasi au ya vioo Mwaka Mpya unapokaribia.

Kuna njia mbili, na tangazo lisiposema ni ipi, uliza. Ya mkasi hukata karatasi iliyokunjwa, tabaka nne hadi nane. Ya kisu ndiyo ya Yuxian, mkoani Hebei: karatasi nyembamba za xuan hupangwa makumi kwa pamoja na kukatwa kwa visu vyembamba juu ya kibao cha nta, kisha hutiwa rangi iliyochanganywa na pombe kali ili ipenye hadi karatasi ya chini. Kisu kinahitaji mwalimu mmoja kwa watu sita, wote wazima. Kwa umma, shika mkasi.

Jambo la kufundishwa kabla mtu hajagusa mkasi ni aina mbili za ukataji. Katika ukataji wa *yang*, mistari ndiyo inayobaki na karatasi ya katikati hutolewa, hivyo kila mstari lazima ushikane na mwenzake. Katika ukataji wa *yin*, mistari ndiyo inayotolewa, na kila mmoja husimama peke yake. Aliyezoea kuchora hina hukwama hapa. Kwenye mkono, ua laweza kukaa peke yake bila kuguswa na chochote. Kwenye karatasi, ua la namna hiyo huanguka sakafuni.

*Mahitaji.* Karatasi nyembamba yenye rangi upande mmoja, mraba wa sentimita 15, vipande vitano kwa mtu. Vitatu ni vya kuharibu. Karatasi ya kawaida ya mashine ya kunakili, gramu 80, inafaa hadi tabaka nne. Ikifika nane mkasi hutafuna badala ya kukata, na tabaka la ndani huteleza. Mkasi uwe mdogo, wenye ncha kali, na matundu makubwa ya vidole. Kubandika, tumia gundi ya wanga iliyopikwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, kwa vitone. Karatasi nyekundu ya bei ndogo huchuja ikipata jasho, kwa hiyo weka kitambaa kikavu kila meza.

*Kosa na dawa yake.* Kazi ya kwanza ya karibu kila warsha ni 囍, alama ya furaha maradufu. Karatasi hukunjwa mara mbili upande ule ule, na nusu tu ya herufi ndiyo huchorwa. Baada ya mikunjo hiyo, ukingo mmoja una mkunjo mpya, na ukingo wa pili una mkunjo wa katikati pamoja na kingo zilizo wazi. Kiini cha herufi kikae kwenye mkunjo mpya, na mistari ya mlalo ifike hadi kwenye mkunjo wa katikati ndipo herufi mbili zishikane. Akigeuza, anapata vipande vinavyotawanyika mezani, na hapo hakuna dawa ila karatasi nyingine.

Makosa mengine yanatokana na mpangilio wa kukata. Anza ndani kabla ya nje, matundu madogo kabla ya makubwa, na mzingo wa nje uwe wa mwisho, maana karatasi iliyokwisha kukatwa pembeni haina tena pa kushikwa. Mkono wenye mkasi utulie, unaozunguka ni ule wenye karatasi.

Angalizo: 囍 ni ya harusi. Kwa Mwaka Mpya hubandikwa 福, baraka, au 春, majira ya kuchipua. Waandaaji wengi hubandika 囍 ukumbi mzima mwezi Februari, na wageni wa Kichina hutabasamu na kuuliza bibi harusi yuko wapi.

*Inamfaa nani.* Makundi makubwa: mwalimu mmoja aweza kubeba watu 20. Umri kuanzia miaka saba kwa mikunjo miepesi. Saa moja na nusu yatosha, maandalizi ni madogo, chumba hakichafuki ila kwa vipande vya kufagia. Haimfai anayekata tamaa upesi.

2. Mafundo ya ugwe (zhongguo jie)

*Kazi ilivyo.* Mafundo yenyewe ni ya kale, lakini jina "fundo la Kichina" kama tunavyolijua limeenea tangu miaka ya 1970 na 1980 kutoka Taiwan, ambako Lydia Chen alikusanya mafundo yaliyokuwa yakisahaulika, akayapa mpangilio na kuyafundisha. Ugwe mmoja hufungwa tangu mwanzo hadi mwisho, na fundo zuri lina sura ile ile mbele na nyuma.

Warsha nzuri hupanda ngazi tatu. Fundo la sarafu mbili hufundisha kupita juu na chini. Fundo la kifungo, lile la vazi la qipao, hufundisha kukaza. Kisha ndipo *panchang*, fundo lisilo na mwisho, ambalo ni mojawapo ya alama nane za heri za Kibudha. Mwalimu anayeanza na panchang kwa kuwa inapendeza kwenye picha ya tangazo anawaonea wanafunzi wake.

*Mahitaji.* Ugwe wa nailoni au polista ambao Wachina huuita namba 5, unene wa kama milimita 2.5. Fundo la sarafu linataka sentimita 60, la kifungo hivyo hivyo, panchang ndogo mita mbili. Ongeza kishada, shanga, kibao cha sponji ngumu au kadibodi ya tabaka mbili, pini zisizopungua 20 kwa mtu, na kiberiti cha gesi cha kuyeyusha ncha zisifumuke. Uzi wa pamba wa kufumia haufai: ni laini, na matanzi hulala badala ya kusimama. Ugwe wa satini unaong'aa sana huteleza na kufunguka mikononi.

*Kosa na dawa yake.* Hapa hakuna kinachopotea ila muda. Mshiriki akipita chini mahali pa kupita juu, fundo hukaa vizuri kwenye pini kana kwamba halina kasoro, kisha pini zinapotolewa linalegea na kufumka upande mmoja. Dawa ni kukagua kila msitari kabla ya kutoa pini hata moja.

Tatizo kubwa ni kukaza. Watu hudhani kazi imekwisha fundo likishafungwa, kumbe ndiyo nusu tu. Ulegevu husogezwa hatua kwa hatua kando ya ugwe, kutoka katikati kwenda ncha zote mbili, bila kuvuta tanzi lolote peke yake. Anayevuta ncha kwa nguvu hupata donge ambalo hata mwalimu hulifungua kwa sindano. Tenga dakika 40 za kukaza panchang moja, na usione aibu kuzitenga.

*Inamfaa nani.* Watu wazima, wazee, na vijana kuanzia miaka kumi. Wanaojua kusuka ukili au kushona kofia za vito hushika upesi, kwa sababu macho yao yamekwisha kuzoea kufuata nyuzi. Mwalimu mmoja kwa watu 10, au 12 akiwa na msaidizi. Wakizidi, wa mwisho husubiri robo saa kuulizwa kilichomkwamisha. Kazi inaingia mkobani, haina maji wala uchafu, na mtu aweza kuiendeleza kwenye daladala. Asiyeona vizuri karibu apewe ugwe wa rangi mbili tofauti zilizounganishwa katikati: husaidia kuliko maelezo kumi.

3. Sanamu za unga (mianren)

*Kazi ilivyo.* Mafundi walizunguka mitaani na kisanduku, wakifinyanga wahusika wa opera na hadithi juu ya kijiti mbele ya mteja. Heze huko Shandong ndiko kunakotajwa sana, na Beijing kuna familia ya Lang, ambayo Lang Shao'an aliijengea jina katika karne ya 20. Vifaa ni vidole, mkasi mdogo, kitana, na kijiti bapa cha mwanzi au pembe.

*Mahitaji.* Mshiriki hapikii warshani. Donge liandaliwe siku moja kabla. Kwa watu 10 hadi 12: unga wa ngano gramu 350, unga wa mchele wa kunata gramu 150, chumvi gramu 40, maji mililita 300 hivi. Kanda, acha litulie nusu saa, gawa vipande bapa, pika kwa mvuke dakika 30 hadi 40. Kisha kanda tena likingali moto, ukiongeza vijiko viwili vya asali au gliserini na kimoja cha mafuta. Asali hushika unyevu, mafuta huzuia kunata. Gawa, tia rangi ya chakula, funga kila rangi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Mchele wa pilau uliosagwa hauchukui nafasi ya ule wa kunata: donge hukatika badala ya kuvutika. Unga huo hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia.

*Kosa na dawa yake.* Wakati wa kufinyanga, kila kosa linarekebishika, na hiyo ndiyo raha yake. Hasara huja nyumbani. Sanamu nene hupasuka kwa sababu ngozi ya nje hukauka na kusinyaa wakati kiini kingali kibichi. Kwa hiyo mwili ujengwe juu ya kiini cha karatasi iliyobanwa, na unga usizidi unene wa nusu sentimita. Ikaushwe kivulini, siku tatu hadi tano, si juani wala mbele ya feni. Pwani, unyevu huleta ukungu hata baada ya kukauka, na mende huila. Kuipaka vanishi ikishakauka kabisa husaidia, ingawa haiwi ya milele.

Kosa la mpangilio ni kuanza na uso. Nyuso ndizo ngumu kuliko vyote: pua hubanwa, macho hubonyezwa, midomo hukatwa, yote kwenye kidonge kisichozidi zabibu. Anza na pichi, samaki au sungura. Tena, palipo na wazazi wasiopenda watoto wafinyange viumbe, matunda na maua yanatosha kujaza alasiri nzima, na hayapungukiwi asili: pichi ni alama ya maisha marefu katika sanaa hii.

*Inamfaa nani.* Watoto kuanzia miaka mitano, na familia zinazokuja pamoja. Mwalimu mmoja kwa 12, au 15 wazazi wakiwepo. Saa moja na nusu inatosha. Uliza mapema kuhusu mzio wa ngano, na waambie wazi kuwa haliwi, maana linanukia asali.

4. Kufunga na kutia nili (zharan)

*Kazi ilivyo.* Hii ni ya Wabai wa Dali, Yunnan, na kijiji cha Zhoucheng ndicho kitovu chake. Msomaji wa Afrika Mashariki ameshaona vitambaa vya kufungwa na kutiwa rangi, wengine huviita batiki navyo. Tofauti iko mahali pawili. Zhoucheng hawategemei kufunga tu kwa kamba, hushona. Mchoro hupigwa kwenye kitambaa, sindano huufuata kwa uzi imara, kisha uzi huvutwa mpaka kitambaa kijikunje kama feni. Na rangi ni nili, ambayo haifanyi kazi kama rangi ya unga ya sokoni.

Nili haiyeyuki majini. Ni lazima inyang'anywe oksijeni ndani ya pipa lenye alkali ndipo iyeyuke na kupenya nyuzi. Kitambaa hutoka pipani kikiwa kijanikibichi chenye unjano, na hewa ndiyo inayokigeuza buluu mbele ya macho ya watu. Hakuna dakika katika warsha hizi nne inayonyamazisha chumba kama hiyo.

*Mahitaji.* Leso ya pamba ya sentimita 40 kwa 40 kwa kila mtu, sindano, uzi imara, glavu, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kamba ya kuanikia, maji mengi. Pipa salama zaidi kwa umma ni la chokaa na fruktosi, kwa uwiano wa 1:2:3: nili gramu 100, chokaa iliyozimwa gramu 200, fruktosi gramu 300, kwa lita 20 za maji moto. Sukari ya mezani haifai, kwa kuwa haina uwezo wa kuinyang'anya nili oksijeni. Chokaa huunguza macho na ngozi, kwa hiyo achanganye mtu mmoja, nje, akiwa na glavu na miwani. Pipa huandaliwa siku moja kabla. Liko tayari maji ya chini yakiwa ya rangi ya kaharabu au kijani cha manjano, na juu pana utando unaong'aa kama shaba. Likiwa buluu hadi chini, bado. Liache, liongezee fruktosi na joto.

Kabla ya yote, jaribu kitambaa. Kingi kinachouzwa kama pamba kina polista, na polista haikamati nili. Choma uzi mmoja: wa pamba huacha jivu laini na hunuka karatasi, wa polista huyeyuka na kuacha shanga ngumu.

*Kosa na dawa yake.* Uzi usiokazwa huingiza rangi, na mchoro hupotea. Hili haliponi. Kitambaa kikavu kikizamishwa huwa na mabaka, kwa hiyo kiloweke maji robo saa kwanza na ukikamue. Kikitikiswa ndani ya pipa huingiza hewa na kulichosha pipa lote. Kiingie taratibu, kikae dakika tatu hadi tano, kitoke taratibu. Kisha hewani dakika kumi, na tena. Mara tatu hutoa buluu ya anga, mara sita au zaidi buluu nzito. Anayetaka rangi nzito kwa kuloweka mara moja kwa muda mrefu hapati: rangi hujengwa kwa mizunguko. Kitambaa kikilowa huonekana cheusi zaidi kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Mwisho, wengi hukata kitambaa pamoja na uzi kwa pupa ya kufungua. Tundu hilo ndilo kosa pekee la siku ambalo kila mtu ataliona.

*Inamfaa nani.* Vijana na watu wazima wenye saa tatu au nne, mahali penye ua na maji. Watu wanane hadi 12 kwa pipa moja, kwa zamu. Watoto wadogo wafunge kwa kamba na kokoto badala ya kushona, na mtu mzima ndiye azamishe. Kati ya zote nne, hii ndiyo inayotoa kitu ambacho mtu atakitumia kweli.

Kulingana na hali yako

Una watu 30, chumba kimoja, bajeti ndogo na taarifa ya siku tatu: karatasi, na wasaidizi wawili. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, hivyo hata mapambo ya ukumbi yanapatikana humo humo.

Una kundi dogo linalokutana kila wiki, kama kina mama wa kikundi cha kushona au wazee: mafundo. Ndiyo pekee ambayo wiki ya pili huanza pale wiki ya kwanza ilipoishia.

Una sikukuu ya familia na watoto wa umri mchanganyiko: unga, mradi kuna mtu wa kuuandaa jana yake. Asipokuwepo, rudi kwenye karatasi. Usijaribu udongo wa plastiki ukauita mianren.

Una ua, bomba na siku nzima, na watu wako wako tayari kulipia kitambaa: nili. Ikiwa ni msimu wa mvua, ahirisha, kwa kuwa kazi hii hufanyika nje na kitambaa kinahitaji kuanikwa hewani kati ya mizunguko.

Wewe ni mshiriki, si mwandaaji, na unasafiri: Dali nenda ukashone, hata kama utapata nafasi ya kumaliza ua moja tu. Beijing tafuta unga. Ukibaki nyumbani, uliza Taasisi za Confucius, vituo vinavyofundisha Kichina na utamaduni wake. Ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ndiyo ya kwanza barani Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu: kila mtu anapata vipande vingapi vya kuharibu, mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, na kazi isipokwisha unaruhusiwa kuondoka na vifaa. Kwa mafundo, hilo la tatu ndilo la kwanza kuuliza.